Sikalii Kiti Nisichokipindua

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya samani mjini Kitale nilipewa kipande cha msasa na kuonyeshwa meza iliyong'aa kama imepakwa samli. Nikasema ni nzuri. Fundi Mkuu akacheka.

"Hapo juu hata mwizi anapaka vanishi, dada. Weka mkono chini, huko ndio utajua fundi ni mtu wa aina gani."

Nikaweka. Nikatoka na kibanzi kidoleni, na tangu siku hiyo siamini kinachong'aa.

Baadaye nilipelekwa Bungoma kuwa mkaguzi wa duka letu, kupokea viti vya mafundi wa vijijini au kuvikataa. Niliijua saipras, mbao ya bei rahisi, iliyopakwa rangi ya viatu ili iitwe mvule. Niliijua gundi iliyokorogwa na vumbi la mbao ili kuziba pengo, pale ulimi wa mbao moja unapoingia kwenye tundu la nyingine. Meneja alilalamika, "Si wewe utafukuza mafundi wote, bana!" Nikamwambia sifukuzi mtu, wanatoroka wenyewe. Lakini nikipata maungio yaliyobana bila msumari, ukucha ukapita bila kukwama, nilifurahi hata nikasahau kununa.

Nimestaafu, ila vidole havijastaafu. Mwaka huu binti yangu Nasimiyu alileta mchumba, Wafula, fundi wa mbao kutoka Ndalu. Wazee wao walipokuja kujitambulisha, kijana akanizawadia kiti cha mvule. Nikakipindua mbele ya wageni. Mume wangu akafunika uso.

"Ati unakagua zawadi, Mama?" Nasimiyu akaninong'oneza.

Chini kulikuwa laini sawa na juu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nasimiyu ananijua, bila shaka alimwonya mwenzake. Anayepiga msasa chini kwa sababu atakaguliwa ni mjanja, na mjanja wa mbao atakuwa mjanja wa nyumba. Nikawaambia wazee jibu la posa sina bado. Binti yangu alilia jikoni. Iliniuma sana.

Wiki iliyofuata nikaenda Ndalu bila kumwambia mtu. Nilitaka kuona kitu ambacho Wafula alikitengeneza bila kujua kwamba nitakiona. Nilimkuta mama yake jikoni. Alishtuka, akanisogezea kigoda cheusi kwa masizi.

"Karibu, Mama Nasimiyu. Hiki ni cha kitambo, Wafula alinitengenezea akiwa bado anajifunza kazi. Chunga nguo isichafuke."

Nikakipindua. Juu kilikuwa na mikwaruzo ya visu. Chini, pale vidole vinaposhika mtu akikiinua, palilainishwa vizuri, na ukingo ukafanywa mviringo usimkate mama. Hapa hapakuwa na mkaguzi wa kuogopwa. Nikapitisha ukucha kwenye kila ungio, nikitafuta kosa kwa bidii yote niliyobaki nayo.

"Kwani kuna kitu?" mama Wafula akauliza.

"Hakuna," nikasema. Nikakiweka chini, nikaketi.