Ukuta wa Bibi na Mkwe Wake

Mwezi uliopita nilipita Ngulyati, kule Bariadi, nikashuka barabarani nikatembea mpaka pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Usiniulize nilifuata nini, maana hata mimi sijui. Nyumba imekwisha. Mvua zimekula matofali ya udongo, mabati yamehamia kwa watu, na kilichobaki ni kipande cha ule ukuta uliotenganisha baraza na chumba chake. Kinanifika kiunoni. Nilisimama pale, mtu mzima na miwani yangu, nikaona aibu upya.

Ngoja nikueleze ukuta ule ulikuwa na kazi gani.

Wakati wa mavuno ya pamba, baraza la bibi lilikuwa halina pa kukanyaga. Pamba ilimwagwa juu ya mikeka, sisi watoto tukakaa na kina mama wa jirani kuchambua: safi huku, fifi kule, yaani ile chafu yenye madoa na majani makavu. Maganda makavu yalituchoma vidole. Katikati kulikuwa na sufuria ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na kwa kuwa kila aliyechota alichota na nyuzi za pamba, tulikula pamba pia. Mpaka leo nikila viazi vitamu mjini naona kama kuna kitu kimepungua. Bibi alizunguka akipekua lundo la kila mmoja, na ukichanganya fifi kwenye safi alikuambia, "Wewe unataka kuniaibisha kwenye mzani."

Ikilia kengele ya baiskeli njiani, bibi alitoweka. Anayekuja ni mkwe wake, mume wa shangazi yangu, mchuuzi wa samaki wa Lamadi, kando ya ziwa. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawakai baraza moja, hawali pamoja. Wanaheshimiana kwa kukimbiana. Basi bibi alijifungia chumbani, mkwe akakaa kwenye kigoda akiupa ukuta mgongo, na mimi nikatumwa katikati. Kusikiana walisikiana vizuri tu. Lakini neno lilikuwa halijasemwa mpaka nilibebe mimi. Mkwe ndiye aliyeanza, akimwita bibi mayo, yaani mama.

"Mwambie mayo, mwangaluka. Mwambie leo nimeleta sato."

Naingia na salamu yake ya asubuhi. "Bibi, anasema mwangaluka. Ameleta sato."

"Mwambie wabeja," alishukuru. "Muulize, mwanangu anakula?"

Shangazi alikuwa mgonjwa mwaka ule. Nikatoka, nikauliza. Mkwe alitazama viatu vyake kwanza.

"Mwambie anakula. Mwambie uji wake nauchemsha mwenyewe."

Kina mama wote waliinamia pamba zao. Mwanaume kukiri mbele za watu kwamba anampikia mkewe uji lilikuwa jambo kubwa, na alikuwa amelitoa ili mama wa watu alale usingizi. Nilikuwa mdogo, sikuelewa yote, ila nililibeba neno lile kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Kazi yangu ya kuandika mapenzi ilianzia pale, ingawa kwa miaka mingi sikulijua hilo.

Maana nilikuja kuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi, tena nisiyechoka. Nilianza na vijitabu vyenye jalada jekundu, vya kuuzwa stendi pamoja na karanga na maji, kisha hadithi za magazetini, na sasa sura mpya kila wiki kwenye simu za watu. Kitabu kimoja kikitoka, kingine kiko jikoni. Nilijipa jina la kipwani, na wapenzi wangu wote waliishi kwenye maghorofa, wakanywa juisi hotelini na kuambiana kila kitu macho kwa macho. Ngulyati sikuitaja. Niliona haina mvuto.

Ila katika kitabu kimoja niliishiwa. Nilikuwa nimechelewa kukikabidhi, nikachota kilichokuwa karibu: mama mkwe nikamfanya mkulima wa pamba, mkwe nikamfanya mchuuzi wa samaki, na usiku wa harusi nikawainua wacheze muziki, mkono wa mkwe kiunoni kwa mama. Wasomaji wa mjini walikipenda mno.

Binti wa jirani, aliyelijua jina langu la kipwani, alikisoma kwenye simu, kwa sauti, barazani kwa bibi, akiwatafsiria kwa Kisukuma kina mama waliokuwa wakichambua pamba. Bibi alikuwa pale pale, macho yake yamekwisha kufifia. Walipofika kwenye ule muziki, mmoja aliinuka akasema ameacha chungu motoni, na wenzake wakakumbuka vyungu vyao.

Nilipokuja nyumbani msimu ule, bibi alinipokea vizuri, akanipa maji. Halafu akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, umenichezesha ngoma na mkwe wangu mbele ya majirani."

Nilisema ni hadithi tu, bibi. Alipapasa kikombe nilichonywea maji, akakirudisha ndani. Natamani angenipiga.

Shangazi alikuwa ameshafariki, lakini mkwe hakuacha kuleta samaki kila mavuno. Mwaka ule mavuno yalikuwa yanaisha na hajatokea. Bibi hakumtaja hata siku moja. Ila kila kengele ya baiskeli iliyolia njiani aligeuza kichwa, na ikipita, alirudi kupapasa pamba yake. Mimi nilikaa pembeni nikijua ni nani aliyemkatia bibi yangu mgeni wake wa pekee.

Alikuja jioni moja, kwa bodaboda, mzee sasa. Bibi alisikia sauti yake akaingia ndani akishika ukuta. Mkwe akakaa pale pale pa zamani, akageuza mgongo, akatuma salamu ya jioni. Mimi sikuweza kumtazama.

"Mwambie mayo, mwadila. Mwambie nimechelewa, nilikuwa ziwani. Ziwani habari hazifiki. Sijasikia kitu chochote."

Mtu mwenye simu mfukoni, ambaye maisha yake yote alinunua samaki mwaloni, pale ufukweni wanaposhushwa, na hajawahi kupanda mtumbwi! Nikaingia, nikalisema lote. Bibi alipapasa kitanda chake, akakaa.

"Mwambie, macho yangu yalipoondoka yaliondoka na masikio."

Nikatoka nikamwambia. Alitikisa kichwa, akanipa mfuko wa samaki. "Mwambie hawa nimewatoa miiba mwenyewe, asipate shida."

Vitabu vyangu vyote, ndugu yangu, hakuna hata kimoja ambamo mtu amesema neno kama lile.

Siku hizi kwenye kumbi za Bariadi mama mkwe hucheza na mkwe wake, video inapigwa na watu wanashangilia. Wapwa zangu wananiambia nilitangulia. Wananisifu, nami nainamisha kichwa.

Bibi alifariki baada ya mavuno yale, kabla ya mbegu kupandwa. Siku ya mazishi mkwe alisimama mbali na kaburi, nje ya watu, kama inavyotakiwa. Watu walipotawanyika alikuja barazani, akakaa kwenye kigoda, akaupa ukuta mgongo.

"Mwambie mayo," akaanza.

Nikainuka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na kitanda kimetolewa, lakini nilisimama pale kizingitini nikimsubiri anipe neno. Hakulimalizia.