Hati Chini ya Kiwiko

Barua ya kazi ilimkuta Bi Koki amelala chali chini ya sinki la watu, spana mkononi, maji yakimdondokea shingoni. Aliisoma kwenye simu hapohapo, mara tatu. Zahanati ya mtaa wa pili ilikuwa imemkabidhi kazi ya kung'oa mabomba yake yote ya chuma yaliyoliwa na kutu, kulaza mapya ya plastiki, na kusimamisha matangi mawili nyuma ya jengo. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kurekebisha koki za watu, ndiyo maana akaitwa hivyo, lakini alikuwa hajawahi kukabidhiwa jengo zima. Alicheka peke yake mle chini mpaka mwenye nyumba akachungulia kuuliza kama kuna tatizo.

Tatizo lilikuwa kwenye mstari wa mwisho. Malipo ya kwanza yangetolewa baada ya mabomba kulazwa na mkaguzi kuyapitisha. Vifaa vyote, tangu matangi mpaka gundi, angenunua mwenyewe, na aanze ndani ya siku kumi na nne. La sivyo, kazi ingekwenda kwa aliyeshika nafasi ya pili.

Alianzia benki. Kijana mwenye tai alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamuomba hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Bi Koki akatoa daftari lake lenye madoa ya grisi. Kijana alilifungua kwa ncha za vidole, akalifunga.

"Mama, sisi tunakopesha biashara."

"Biashara yenyewe ndiyo hii imekaa mbele yako."

Kijana alicheka kwa adabu. Jibu halikubadilika. Benki ya pili ilitaka dhamana, na ya tatu haikumpa hata kiti. Siku ya tisa ilipofika, ndipo akakubali kwenda kwa mtu ambaye mafundi wenzake walimtaja kwa sauti ya chini: Mfadhili.

Mfadhili alikuwa na ofisi nyuma ya duka la vitambaa. Alitaka kitu kimoja tu, hati ya nyumba. Nyumba waliyokaa Bi Koki na mama yake ilikuwa na vyumba vitatu na jina moja kwenye hati, nalo lilikuwa la mama. Asubuhi ya siku ya kumi, mama alipokwenda kuoga, Bi Koki alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akaichomoa hati kati ya nguo za marehemu baba yake, akaitia kwenye mkoba wa vifaa. Sauti ya maji bafuni ilipokatika ghafla, alilirudisha sanduku kwa mguu. Alitoka bila kuaga.

Mfadhili aliipokea hati kwa mikono miwili, akaikagua, akaiweka mezani na kuiegemea kwa kiwiko. Alikuwa mtu mpole. Sauti yake ilikuwa ya chini mpaka ilibidi umsogelee ili umsikie, na ukimsogelea unanusa uturi wake.

"Wewe weka sahihi hapa kama shahidi. Dole la mama utaniletea kesho. Hati ibaki kwangu, isipotee. Pesa unaondoka nazo leo."

Simu yake ikalia, akageukia dirisha kuongea. Bi Koki alifunua karatasi alizotakiwa kuziwekea sahihi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina na anwani. Ukurasa wa pili aliusoma harakaharaka, kisha akarudi juu akausoma polepole, kidole kikifuata mistari. Neno mkopo halikuwamo. Kulikuwa na muuzaji, na mnunuzi. Muuzaji amekubali kuiuza nyumba yake, amepokea malipo yote, naye atahama ndani ya siku tisini.

Alitazama hati chini ya kile kiwiko, akatazama mlango. Mlangoni alikuwa amekaa jamaa mmoja mnene, mfanyakazi wa Mfadhili, waliyemwita Bonge, akichokonoa meno.

Mfadhili alimaliza simu. "Umesoma?"

"Nimesoma." Bi Koki alirudisha ukurasa wa kwanza juu. "Ila mama yangu, mzee wangu, namjua. Hatii dole mahali bila kuishika hati yake mkononi. Nikienda mikono mitupu atapiga kelele mtaa mzima ujae. Nipe niende nayo, nirudi nayo."

Mfadhili alimtazama, akakiondoa kiwiko juu ya hati.

"Haya," alisema Mfadhili. "Bonge atakusindikiza. Ataibeba yeye. Pesa mkirudi na dole."

Walitembea dakika ishirini. Bonge alitia hati ndani ya shati, juu ya tumbo, akashika zile karatasi za mauzo mkononi, akawa anaongea habari za bei ya viatu. Bi Koki hakusikia hata nusu. Alikuwa anawaza amwambie nini mama. Akikiri, mwizi ni yeye. Akinyamaza, nyumba imekwenda. Mara mbili alifikiria kulivuta lile shati akimbie, lakini akijiangalia, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye goti bovu, akaona angeanguka kabla ya kona.

Mama alikuwa barazani, cherehani mbele yake, anashona sare za shule. Bibi huyu aliuza mitumba sokoni miaka thelathini, na hakuna mtu aliyewahi kumpunja. Alimwona mgeni, akamwona binti yake uso umemparara, akasimamisha gurudumu.

"Karibu mwanangu, kaa. Mbona mnakuja kama mnaleta msiba?"

"Mama," Bi Koki alianza. "Nimechukua hati yako. Kuna karatasi inataka dole lako."

Mama hakupaza sauti. Alinyoosha mkono kwa Bonge. "Hebu nione hiyo hati kama ni yangu kweli." Bonge aliitoa, ikiwa na unyevu wa jasho. Mama aliigeuza, akaiweka kwenye kiti chake, akaikalia.

"Sasa nisomee hiyo nyingine. Macho yangu yamechoka."

Bonge alikohoa, akaanza kusoma kwa kusuasua kama mtoto wa darasa la tatu. Alipofika ukurasa wa pili alipunguza sauti. Akasoma muuzaji.

"Nani anauza?" aliuliza mama.

"Mimi nimetumwa tu, bibi."

"Najua. Nakuuliza nani anauza."

Bonge alisimama. Kivuli chake kilifunika cherehani yote, na Bi Koki akashika spana ndani ya mkoba bila kujua angeifanyia nini.

"Bibi, ataniuliza hati iko wapi."

"Mwambie bibi ameikalia. Akiitaka aje yeye aninyanyue, na majirani wote wakiona."

Bonge alitazama barazani kwa majirani, ambako wanawake wawili walikuwa wamekwisha acha kufua wakawa wanatazama. Alikunja karatasi zake, akaondoka, na kwa kweli alionekana amefarijika.

Mama alirudi kushona. Alishona mashati mawili, na Bi Koki alitamani angepigwa.

"Ungenizika ningali hai," alisema hatimaye. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuogopa."

"Mimi uliniogopa, yule hukumwogopa?"

Bi Koki alilia ndipo akaeleza habari ya zahanati. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Barua ya kazi unayo?" Kesho yake alivaa kanga mpya, akampeleka kwenye chumba kimoja karibu na soko, penye benchi, kabati na karani mwenye miwani. Ulikuwa ushirika wa akiba na mikopo aliojiunga nao mama tangu enzi za mitumba. Bi Koki alikuwa amepita mbele ya mlango ule maelfu ya mara akidhani ni wa wauza mboga tu.

Karani alieleza taratibu. Ushirika ulikopesha kwa barua ya kazi. Pesa hazingepita mkononi mwa Bi Koki. Zingelipwa moja kwa moja duka la vifaa. Zahanati ingeandika kukubali kulipa kupitia ushirika. Na kwa kuwa yeye alikuwa mwanachama mpya, wadhamini watatu waweke akiba zao.

"Nikishindwa?"

"Tunachukua akiba ya wadhamini."

Wadhamini walikuwa mama na rafiki zake wawili, wajane wote. Waliweka sahihi wakitaniana kuhusu mwandiko wa mmoja wao. Bi Koki alisoma kila ukurasa, karani akamsubiri dakika arobaini.

Alianza kazi siku ya kumi na nne, saa moja asubuhi. Tangu siku hiyo hofu ilibadilika sura tu. Pikipiki ikipunguza mwendo nje ya nyumba, alisimama. Mfadhili alimpigia mara moja, akasema kwa upole kwamba mkono wake bado uko wazi, na Bi Koki akakata simu, akarudi kwenye mabomba. Siku ya kupima, walipofungulia maji kwa nguvu mbele ya mkaguzi, kiungo kimoja kilitema maji. Aliona akiba za wajane watatu zikichuruzika sakafuni. Mkaguzi akampa siku mbili. Alikata kiungo, akafunga kingine, na mara hii bomba likabaki kavu kwa nje, mkaguzi akaipitisha kazi.

Malipo yalichelewa siku kumi na tisa. Kila asubuhi alikwenda kwa karani, na kila asubuhi karani alitikisa kichwa kabla hajauliza. Siku ya ishirini hakutikisa. Deni lilikatwa, kilichobaki kilimtosha kununua mashine ya kukatia mabomba, na wale wanawake watatu wakarudishiwa akiba zao zikiwa salama. Mmoja wao alimwambia kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Bi Koki alikuwa amepungua kilo sita.