Kazi Zilizobaki kwa Jina la Marehemu

Kwetu Ukambani, kubadilisha jina la mwenye kitu ni shughuli ambayo kila mtu humwachia mwenzake. Shamba letu la nyumbani bado liko kwa jina la babu, na babu alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo mkaguzi alipokuja kwenye chama chetu cha ushirika mjini Machakos, akashangaa kwamba kompyuta kuu zinaendeshwa na mtu aliyekufa, mimi sikushangaa. Nilichoka tu. Nilijua mzigo huo utaniangukia mimi.

Marehemu alikuwa mwenzangu wa chumba kimoja cha ofisi, meza yake ikitazamana na yangu. Yeye ndiye aliyezipangia seva zetu, yaani hizo kompyuta kuu, kazi za kila siku, zile zinazojiendesha zenyewe saa ikifika bila mtu kuzigusa. Kulikuwa na ya kunakili kumbukumbu za wakulima, ya kufuta mafaili ya zamani, na ile muhimu kuliko zote, ya kuwatumia wakulima ujumbe alfajiri kuwaambia lori la kuchukua ndengu na maembe litapita wapi. Kila kazi ya namna hiyo lazima iwe na mwenyewe, na yeye aliziandika zote kwa jina lake. Hakufanya hivyo kwa majivuno. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Aliziagiza zimtumie ujumbe kwenye simu yake kila zikimaliza, ili ajue kabla hajapiga mswaki kwamba hakuna mkulima atakayekaa barabarani na magunia, akingojea lori lililopita njia nyingine.

Ugonjwa ulimchukua ghafla. Tukamzika kwao Ekalakala, tukarudi mjini, kazi zake zikaendelea. Akaunti yake hatukuifunga, kwa sababu seva huangalia kwanza kama mwenye kazi bado anaruhusiwa kuingia, na ikikuta amefungiwa mlango, kazi zake zote zinagoma. Tukasema tutarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo ya ofisi za kwetu mnaijua.

Simu yake nayo haikuzimwa. Mjane wake aliiweka chaji, kama wengi wanavyofanya huku, maana laini ya marehemu ndiyo yenye namba za watu wote. Basi kila alfajiri ilikuwa ikilia pale nyumbani: kazi imekamilika, kituo fulani, na jina la mumewe chini yake. Kila siku ujumbe ulipokosekana, alinipigia kwa laini hiyo hiyo. Jina la rafiki yangu lilikuwa likitokea kwenye kioo cha simu, na moyo ulikuwa ukiniruka kila mara, ingawa nilijua fika ni nani.

"Shemeji, leo simu haijalia ile ya Kithyoko," aliniambia siku moja. "Hebu angalia hiyo mashine."

Nilipoangalia, kweli, stima ilikuwa imepotea kwenye kituo chetu cha Kithyoko na seva ya huko ilikuwa imelala.

Sasa mkaguzi alitaka akaunti ya marehemu ifungwe ifikapo Jumatatu. Meneja wetu akanigeukia bila hata kuvuta kiti.

"Wewe malizana na hiyo maneno. Si ni jina tu unabadilisha?"

Ni jina tu! Kazi zilikuwa tele, zimetawanyika kwenye seva za Machakos, Kithyoko na Ekalakala, na kuzibadilisha moja moja kwa mkono ni kujitafutia makosa. Nikaandika skripti, yaani maagizo machache yatakayopita kila seva, yatafute kila kazi yenye jina lake, yaliondoe, na mahali pake yaweke akaunti ya mfumo wenyewe, ambayo si ya mtu na haifi. Namba ya kupelekewa ujumbe nayo igeuzwe, iwe ya ofisi. Kwa tahadhari niliijaribu kwanza ionyeshe tu itakachobadilisha, bila kugusa kitu. Jina lake likajaa kioo kizima, mstari kwa mstari. Nikaifunga kompyuta nikaenda kunywa chai ambayo sikuitaka. Nilikuwa nimechoka na kifo chake, nasema wazi. Nilikesha matangani, nikabeba jeneza, nikasaidia kutupa udongo, na bado nilitakiwa kumtoa tena, safari hii kwenye seva.

Sikuweza kuiendesha bila kumwambia mjane. Jumamosi nilipanda lori letu lililokuwa likipeleka magunia matupu Ekalakala. Nilimkuta uani akipepeta ndengu, simu ya marehemu iko kwenye kigoda kando yake. Akanipa kiti na chai. Nilizunguka weee, nikauliza habari za mbuzi, nikaisifu mvua ambayo hata haikuwa imenyesha vizuri, mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma.

"Shemeji, wewe sema. Hukutoka Machakos kuja kuangalia mvua."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiutazama ungo.

"Kwa hivyo haitalia tena," akasema.

"Haitalia."

"Hiyo simu ndio inaniamsha. Ikilia, najua kuna kitu yake bado inatembea." Akaweka ungo chini. "Hauwezi niachia hata moja? Moja tu, shemeji. Hata kama ni ile haina maana."

Ningeweza, na ndani ya lori nilikuwa nimeshaiwaza. Kulikuwa na ile ya kufuta mafaili ya zamani, ambayo hata ikigoma mwaka mzima hakuna mkulima atakayeumia. Skripti ingeiruka, na mkaguzi asingeiona. Lakini nisingeweza kumpa nusu ya habari.

"Naweza kukuachia moja," nikamwambia. "Lakini akaunti yake ikishafungwa, hiyo kazi haitaweza kufanya kitu. Itajaribu kila alfajiri na itakataa. Simu italia, ndiyo, lakini ujumbe utasema imeshindwa."

"Na jina lake?"

"Litakuwa hapo chini, kama kawaida."

Alichukua ungo tena, akapepeta kwa muda mrefu, makapi yakituangukia miguuni. Mimi nilikunywa chai yangu.

"Aiee," alisema mwishowe. "Toa yote. Huyo mtu alikuwa anaamka na giza kila siku ndio hiyo kazi isishindwe. Sitaki simu yake ianze kuniambia ameshindwa, na yeye hayuko arekebishe."

Jumatatu asubuhi niliiendesha skripti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hitilafu, maana hazikosi, lakini ilipita seva zote bila kunung'unika, na chai ya meneja ilikuwa haijapoa. Nikaona ni heri mjane asikie kutoka kwangu, asije akaamka kesho kungoja bure. Kwa mazoea nilipiga namba ya rafiki yangu. Ilikuwa imezimwa.