Nilivyomteka Mzee Luhende

Mwaka 1975 nilimteka mzee wa miaka themanini na ushee, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti akanipigia makofi.

Msinirukie kwanza. Someni mpaka chini.

Naitwa Swaumu, Mzaramo wa Kisarawe, nesi mstaafu. Nimeuguza wazee waliopoteza kumbukumbu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeitwa mama, nimeitwa mwizi, nimeitwa mke mdogo. Mzee mmoja wa Urambo aliniita Mjerumani na akanipigia saluti kila asubuhi mpaka alipofariki. Nimezoea.

Ila huyu ninayemsimulia ndiye alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza wa aina hiyo, na nilimkosea.

Basi bwana, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuoni juzi juzi. Wakanipangia zahanati ya kijiji kipya upande wa Bukene. Unashuka kwenye treni, halafu unatembea mpaka ujute.

Kijiji chenyewe kilikuwa na miezi minne tu. Watu walitolewa na serikali kwenye mashamba yao, wakapangwa kwa mistari iliyonyooka. Nyumba zote sawa, milango yote inatazama upande mmoja. Mimi mwenye akili zangu timamu niliingia nyumba ya jirani mara mbili. Mara ya pili wakaniandalia ugali, nikala.

Sasa fikiria mtu ambaye akili zimeanza kumtoka.

Mzee Luhende kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akashika njia ya kurudi mahame, yaani kule alikohamishwa. Mwendo wa saa moja na nusu. Nyuma yake mkewe, Bi Kuluthumu, kajitanda khanga, haongei na mtu. Alasiri unawaona wanarudi hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba kurudi mahame kulikatazwa. Kabisa.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Masele, akaja zahanati.

"Nesi, huyu mzee ni mkaidi."

"Ndugu Mwenyekiti, huyu mzee ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Anasahau."

"Anasahau vipi, na njia ya mahame anaijua?"

Swali lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli.

"Mimi sina ugomvi naye," Masele akasema. "Kwa mbali ni shemeji yangu. Lakini kijiji kizima kinatazama. Akienda tena, mgambo wanampeleka Nzega wilayani. Akajieleze huko."

Mzee asiyekumbuka kama amekunywa uji, akajieleze Nzega! Nilijua wazi kwamba akilala mahabusu siku mbili, atarudi amefunikwa shuka.

Nikawaza kutwa nzima. Vitabu vya chuo havikuwa na kitu. Vilisema "uzee", basi, unageuza ukurasa unakuta minyoo.

Ndipo nikakumbuka utani.

Kwa msiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Wao wakitembea kwenda pwani na mizigo begani, sisi tukiwangojea njiani na maneno. Mtani atakutukana, atakwapua kuku wako, na huruhusiwi kununa. Mtani anaweza hata kukuteka. Ukitekwa unakaa, mpaka ndugu zako walete kitu wakukomboe.

Na Mzee Luhende, Mnyamwezi halisi, alishafika Bagamoyo kwa miguu akiwa kijana mdogo, kabla reli haijafika Tabora.

Kesho yake nikamsubiri pale nyumba zinapoishia. Masele naye alikuwepo, na mgambo wawili, wanangoja avuke tu.

"We Mnyamwezi! Simama hapo! Unapita kwa ruhusa ya nani?"

Mzee akasimama, mkewe nyuma yake. Akanitazama juu mpaka chini. Nikaona uso unafunguka.

"Mzaramo huyu! Nani kakuleta huku bara? Ngoma zimekwisha kwenu?"

"Nimefuata mzigo wetu. Babu yako aliuangusha akakimbia."

"Babu yangu hakuangusha mzigo. Aliwaachia kwa huruma, mlikuwa mnakufa njaa!"

Akacheka mpaka akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Maneno mengi. Nimekuteka. Huendi popote mpaka ukombolewe."

"Haya," akasema, "nimetekwa."

Akakaa chini. Hakubisha. Mtu aliyesahau majina ya wanawe sita alikumbuka kwamba mtani habishiwi.

Hapo ndipo Masele alipopiga makofi.

"Nesi, hii dawa mnafundishwa chuoni?"

"Mwaka wa mwisho," nikamjibu.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi namfuata mlangoni kwake, namteka, namkalisha kwenye benchi la zahanati, anatukana wagonjwa mpaka jioni. Kesho yake namteka upya, maana ya jana yameshafutika. Nilijiona bingwa. Nilimwandikia barua nesi mwenzangu wa Tabora mjini, kurasa tatu, najisifu mwanzo mwisho.

Bi Kuluthumu alikuwa analeta uji, anaondoka. Nikadhani amefurahi kupumzisha miguu.

Wiki ya pili mzee akapunguza kula. Wiki ya tatu maneno yakapungua. Utani alijibu, ila kwa neno moja moja. Nikaandika kwenye daftari: malaria? Nikampa klorokwini. Haikusaidia, na haikuwa na sababu ya kusaidia.

Siku moja akaniita kwa kidole.

"Mzaramo, yule mama anayeniletea uji ni nani?"

"Yupi?"

"Yule pale. Mwambie aende kwake. Mke wangu akimkuta hapa patachimbika."

Nikacheka. Jamani, nilicheka kwa sauti.

Bi Kuluthumu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Akaliweka chini, akafunika kwa sahani, akaondoka zake.

Kesho yake asubuhi akaja bila uji. Kavaa khanga mpya, kwapani kuku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja kumkomboa mume wangu."

Nami kwa kiherehere changu nikaendeleza utani. "Kuku mmoja? Kwa Mnyamwezi mzima hivi? Ongeza na beberu."

Hakucheka.

"Mjukuu wangu, pokea kuku."

"Bibi, nikimwachia atarudi mahame. Watampeleka Nzega."

"Harudi yeye," akasema. "Namrudisha mimi."

Nikaweka kalamu chini.

"Njia aliisahau wiki ile ile tuliyohamia. Hajui kushoto, hajui kulia. Mimi ndiye ninayemtoa ndani, namtanguliza. Nikimgusa bega hili anakata huku, nikimgusa hili anakata huku. Nyie mkiniona nyuma mnasema masikini, bibi anamfuata."

"Sasa kwa nini, bibi? Unajua ni hatari!"

Akakaa kwenye benchi, kuku mapajani.

"Hapa mimi ni yule mama. Usiku anasogea mbali nami, anaona haya kulala na mke wa mtu. Kule nikimkalisha jikoni kwetu kulikobomoka, akalishika jiwe la kusagia, ananiita Kuluthumu. Ananiuliza kama mbuzi wameingia. Ananiambia karanga za mwaka huu ni nzuri. Inakuwa saa moja, zikizidi mbili. Kisha inakatika, tunarudi."

Akanitazama.

"Nimekaa naye miaka hamsini na moja. Wiki tatu sasa sijaitwa jina. Pokea kuku, nesi."

Nililia. Sikujificha wala nini, nililia pale pale mbele ya foleni ya kina mama na watoto wao. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka simu chini kwanza.

Kuku nilimpokea, kwa sababu mtani hakatai cha kukombolea. Nilimla Jumapili. Alikuwa mgumu.

Lakini Masele na mgambo wake bado walikuwepo. Nikachukua kadi ya mgonjwa, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:

*Luhende. Matembezi hadi mahame, kutwa mara moja, baada ya uji. Asindikizwe na mke. Asizuiwe njiani.*

Nikagonga mhuri wa zahanati. Nikaona haitoshi, nikagonga wa pili.

Masele aliisoma mara tatu.

"Hii ni dawa?"

"Ni dawa."

"Ina mhuri."

"Miwili."

"Na anaimaliza lini?"

Nikachukua kadi, nikaongeza chini: *Mpaka atakapopona.*

Masele hakuwa mjinga, baba yake mwenyewe alifariki na usahaulifu ule ule. Akaikunja kadi, akaitia mfukoni.

"Basi mimi nina karatasi," akasema. "Atakayeuliza aje asome."

Walitembea miezi minane. Mara moja niliwasindikiza, nikitaka kuona kwa macho yangu. Mzee alikaa jikoni kwake bila paa, jua linampiga kichwani, akalipapasa jiwe. Mimi nikasogea kwa mbwembwe, nikasema, "We Mnyamwezi!"

Akanikazia macho, kisha akamgeukia mkewe.

"Kuluthumu, huyu binti ni wa nani?"

"Mtani wako, Mzaramo."

"Mpe karanga aende zake. Mimi na wewe tuna kazi."

Nilipewa karanga. Nikaenda zangu.

Alifariki masika yaliyofuata, kijijini, kwenye kitanda chao. Bi Kuluthumu alinieleza kwamba siku zake za mwisho hakumtambua kabisa, ila yeye mwenyewe hakuona kama amepunjwa. Alikuwa ameitwa vya kutosha.

Haya, somo langu ni hili, na silipambi. Ukiwa na mzee anayesahau, usimsimamie mbele ukimwuliza "unanikumbuka mimi?" Unamtesa bure. Mwulize aliyeishi naye ni wapi kumbukumbu zake bado zipo, kisha umpeleke huko, hata kama ni mbali, hata kama umekatazwa. Na ukifika, kaa pembeni unyamaze, uwaachie wenyewe.