Bi Darubini na Hewa ya Chumba Namba Nne

Jina la Bi Darubini alibandikwa na wifi yake, aliyependa kusema kwamba mke wa kaka yake akishainamia kile kioo, hata nyumba iungue hana habari. Miaka kumi na moja alipima damu katika maabara ya hospitali. Kilipofunguliwa kitengo cha kuwasaidia wanandoa waliokosa watoto, akaomba kuhamia, akaambiwa hana elimu hiyo. Akarudi darasani akiwa na miaka thelathini na minane, akakaa dawati moja na wasichana wa umri wa binti yake.

Kazi yake mpya ilikuwa kukutanisha yai na mbegu kwenye kisahani, kisha kulea kiinitete kinachotokea ndani ya kabati la joto, katika chumba namba nne, kwa siku tano, kabla ya kukirudisha kwa mama. Alikuwa wa kwanza kuifanya hospitalini hapo, kwa hiyo wa kumuuliza hakuwepo. Na viinitete vilikufa. Siku ya kwanza vizima, ya pili vizima, ya tatu vimesambaratika kama makombo.

Daktari mkuu alisema mayai ya wanawake hao yamechoka. Kila mmoja aliambiwa hivyo, akashukuru, akaenda zake. Bi Darubini hakukubali, lakini alijua ubishi bila ushahidi ni kelele tu. Akafungua daftari. Akaandika joto, maji, saa, nani kaingia, nini kimenukia. Baada ya miezi saba akaona kwamba vifo vilizidi kila wiki ukumbi wa nje ulipopigwa deki kwa dawa ile kali yenye manukato.

Akachukua viinitete vya panya. Nusu akaviacha chumba namba nne, nusu akaviweka kwenye kabati la pili, katika stoo ya zamani upande wa pili wa jengo. Vya stoo vilifika siku ya tano. Daktari akasema ni bahati. Bi Darubini akarudia jaribio mara sita, jibu likawa lile lile.

“Daktari, mayai yao hayana kosa,” alisema, akimwekea daftari mezani. “Hewa yetu ndiyo inayoua.”

Daktari alisoma ukurasa baada ya ukurasa. “Tumewaambia wangapi kwamba kasoro ni yao?”

“Thelathini na mmoja. Nataka niwapigie simu mimi mwenyewe.”

Akawapigia wote. Wengine hawakupokea, mmoja alimkatia kwa hasira, naye hakumlaumu. Tisa walirudi. Deki sasa ilipigwa kwa maji ya moto matupu, na mwenye manukato aliishia mlangoni, wifi mtu akiwa wa kwanza kurudishwa.

Kati ya hao tisa, fundi cherehani mmoja ndiye aliyetangulia kujifungua. Mkunga alimwita Bi Darubini wodini, naye akampakata mtoto ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa na seli mia moja tu. Akamkagua vidole, masikio, kisigino, bila haraka. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akasema ana visahani vya watu kabatini, akatoka.