Vijidudu Vilivyozoea Dawa ya Mbuzi Wangu

Nauza dawa za mifugo hapa Lodwar. Majuzi mbuzi wangu alinichoma mguu kwa pembe, kidonda kikatunga usaha, na vidonge vya kliniki havikusaidia. Niliogopa kukatwa mguu, nikalalamika mbele ya foleni nzima kwamba nilipewa dawa feki.

Majibu ya maabara ya usaha wangu yalipotoka, muuguzi akaniita. “Dawa si feki, mzee. Vijidudu vyako vimeizoea. Lakini iko nyingine inayoviua. Utapona.”

Nilishusha pumzi, karibu nilie kwa furaha. “Lakini kabla ya vidonge vyenu sijawahi kutumia dawa hiyo iliyoshindwa.”

“Basi huenda vilizoea kwa mbuzi wako. Huwa unawadunga dawa ya aina hiyo?”

Kabla sijakana, mteja wangu mmoja akajibu kutoka kwenye foleni, “Anadunga kila wakikohoa. Hata mimi nadunga wangu hivyo, ni yeye alinifundisha.”