Ngozi za Mbega kutoka Kitale

Tangu juzi nikiwa na safari ya Bumula nazunguka njia ya nyuma nisikutane na watu, na nastahili. Mimi ndiye afisa wa utamaduni. Kamati ya Bunge ilikuja huko kuangalia kama pesa za vikundi vya ngoma zilifika, kwa maana wizara inasema iliipa kanso, yaani baraza la wilaya, na kanso inasema haijaona kitu. Wachezaji wangu hucheza wamejifunga magunia ya mahindi.

Lakini nimelelewa kwamba mgeni haonyeshwi matambara. Nikaenda Kitale, nikaazima ngozi za mbega, nikawafunga juu ya magunia yao.

Mama Nasimiyu, kiongozi wao, akaniuliza, "Bwana afisa, si wanakuja kuona shida yetu?"

"Vaa tu, mama. Usituaibishe."

Walicheza mpaka vumbi likapanda. Mwenyekiti wa kamati akapiga makofi, akamwambia karani wake, "Andika pesa zilifika."

Nami, mjinga, nikashukuru kwa sauti kana kwamba pesa zilifika kweli, DC, mkuu wetu wa wilaya, akisikia.

Mama Nasimiyu akasogea mbele, akainua ngozi, gunia likaonekana.

"Mheshimiwa, hii ni ya kuazima. Yetu ndiyo hii ya ndani. Sasa muulize huyu, alikuwa anaficha nini?"